Ufa Chini ya Rangi ya Kijani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumamosi moja ya jua kali, kaka yangu Mbazi amesimama mlangoni mwa banda la baba la kufulia chuma, ana nyundo ndogo mkononi. Nitafika huko, usiniharakishe. Kwanza nikwambie kwa nini nimekuita uketi hapa na mimi, maana mama yako amenieleza kwamba wiki nzima sasa nyumba haina amani kwa sababu ya baiskeli.

Nasikia hujui uitengeneze hiyohiyo, au uifunge vifaa vipya vya mbio, au uitupe kabisa utafute nyingine. Umewauliza wenzako huko Same mjini na kila mmoja amekupa lake. Sasa umeletwa kwa mzee, na mzee hajui hizo gia zenu wala breki za diski. Nikipewa baiskeli yako nitaishika kwa woga kama kuku wa kizungu. Lakini ipo baiskeli moja niliyoijua vizuri, na mambo yake nayajua kuliko ninavyopenda. Baiskeli ile ilimlemaza kaka yangu mkono wa kuume. Na aliyeipa nafasi ya kufanya hivyo ni mimi, Elieza, babu yako huyu huyu unayemwamkia shikamoo kila asubuhi.

Sisi ni Washana. Jina hilo unaliandika kwenye madaftari yako ya shule, sijui kama umewahi kuuliza lilitoka wapi. Zamani hapa Upareni ukisema Mshana umesema mhunzi. Baba yangu alifua majembe, miundu na visu, na watu walipanda kutoka kijiji cha Kisiwani, wengine hata kutoka kule ziwani Jipe kwa wavuvi, kuja kumtafuta. Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mimi mdogo nilipelekwa shule ya misheni, nikajua kusoma na kuandika, nikapata kazi ya utarishi bomani Same, enzi za Mwingereza, nikawa nabeba barua za Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Mbazi alibaki bandani na baba. Na usidhani alibaki kwa kukosa akili. Alibaki kwa sababu baba alimtazama akiwa bado mdogo, akaona mkono ule, akasema huyu haendi popote.

Mkono gani huo, jamani! Mbazi akipiga chuma, wapita njia walijua ni yeye na si baba. Alikuwa na mapigo mawili mepesi na moja zito, mepesi mawili, zito moja, hata mama akiwa shambani alikuwa anajua kazi imefika wapi. Baba alishaanza kusema mbele za watu kwamba banda lina mwenyewe, yeye sasa ni mgeni tu. Mzee wa Kipare kusema hivyo akiwa hai, tena ana nguvu zake, si jambo dogo.

Sasa, bandani kwa baba palikuwa na sheria. Aliyeleta chuma ndiye anayevukuta. Jembe lako limevunjika? Vizuri, karibu, vua shati, kaa chini kwenye mivukuto, upulize moto mpaka kazi yako iishe. Hata ndugu wa mfumwa, yaani wa mtawala wetu wa wakati ule, nilimwona kwa macho yangu amekaa pale jasho linamtoka, na kanzu yake imetundikwa mtini. Wajane tu ndio walioruhusiwa kutuma mtu. Na sheria ya pili: kitu kikishaingia bandani hakitoki mpaka kimemalizika. Baba alikuwa anasema mtu akitolea jasho chuma chake hatakitupatupa ovyo. Mimi msomi nilikuwa nacheka moyoni. Nilikuwa nina kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, mwanangu, mstari wa mbele unaweza kukata mkate.

Baiskeli ilikuwa ya baba. Nyeusi, nzito, ya Kiingereza, na nyuma ina keria pana ya chuma aliyoifua mwenyewe, ya kubebea majembe. Nilipopata kazi alituita wote wawili, akaiegemeza ukutani, akasema, "Hii sasa ni yenu. Siku za kazi, Elieza. Jumamosi, Mbazi apeleke mali gulioni." Hakusema zaidi. Wanaotuita Wapare mikono ya birika hawakumwona baba siku ile anavyoitoa baiskeli yake.

Basi nikawa nakaa Same wiki nzima, Ijumaa mchana naianza safari ya nyumbani Mbaga. Kupitia Mwembe mpaka mguu wa mlima unaendesha, kutoka hapo unasukuma. Anayekwambia alipanda ule mlima kwa kupiga pedeli, mwachie Mungu. Jumamosi Mbazi anashuka na majembe yake mpaka gulio la Mwembe, anarudi akisukuma. Jumapili baada ya ibada nateremka nayo mimi, upepo masikioni, najiona nimefika.

Ijumaa moja ilianza kulia. Kri, kri, kri, kila nikiuegemea usukani. Nilipofika nyumbani baba aliisikia kabla hajaniona. Akaipeleka bandani, akachukua nyundo ndogo, akaanza kuigonga bomba moja baada ya jingine, ameinamisha kichwa. Mabomba yote yaliitika. Alipofika shingoni, pale bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani, sauti ilibadilika ikawa nzito. Akagonga tena. Akapitisha kucha.

"Ufa," akasema. "Njoo uone."

Niliuona. Ulikuwa mwembamba kama unywele, umezunguka robo ya bomba.

"Iache hapa wiki hii," baba akasema. "Mbazi atafua pete nene, tutaivalisha hapa shingoni, tuipige misumari ya ribiti. Haitapendeza, lakini itashika. Wewe utavukuta."

"Na kazini, baba?"

"Omba ruhusa siku mbili. Au shuka kwa miguu. Miguu unayo."

Mbazi alikuwa anacheka pembeni. Akaniambia, "Usiogope, tarishi, masizi yanatoka na sabuni." Alinijua.

Nikwambie ukweli uliokuwa moyoni mwangu, maana bila huo hadithi hii haina maana yoyote. Ruhusa ningepewa. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa mtu mwema. Kilichonishika kilikuwa aibu. Niliona aibu kukaa kwenye mivukuto kifua wazi, na wasichana wa kwaya wanapita pale wakienda mtoni. Niliona aibu ya ile pete ya kienyeji kwenye shingo ya baiskeli yangu mbele ya makarani wa Same. Na juu ya hayo yote, vijana wa boma na wa stesheni tulikuwa tumepanga mashindano, kutoka Same mpaka Kifaru, barabara ya tambarare, siku ya sikukuu iliyokuwa inakuja. Nilishajisifu sana. Nilikuwa nimemwambia kila mtu kwamba wataona vumbi langu tu. Ningewezaje kwenda na baiskeli iliyovaa pete ya jembe?

Jumapili, baba akiwa bado kanisani kwenye kikao cha wazee, niliingia bandani nikaichukua. Sheria ile ya baba niliiruka kama mtu anavyoruka mfereji. Mama aliniona, akaniuliza kama baba anajua. Nikamjibu kwamba kule Same kuna fundi mzuri zaidi.

Fundi mwenyewe alikuwa anaitwa Saidi, mtu wa Tanga, alikuwa na meza yake barazani mwa duka moja karibu na stesheni. Mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Nilimkuta anakunywa kahawa, nikamwambia nataka baiskeli iwe ya mbio: usukani wa kupinda chini, tairi nyembamba, kengele mpya, taa ya dinamo, na rangi ya kijani. Akaizunguka baiskeli, anaimba wimbo wake. Alipofika shingoni akaacha kuimba.

"Bwana tarishi, hili umeliona?"

"Nimeliona. Dogo hilo."

"Dogo!" Akaweka kikombe chini. "Sikiliza, ndugu yangu. Wewe si mtoto wa mhunzi? Mpelekee baba yako aifunge. Hutaki, basi acha hizo taa na kengele, akiba yako tafutia fremu nyingine. Ipo moja kwa bwana mmoja wa reli, kuukuu lakini nzima. Mimi nitahamisha vitu vyote, utapanda hata Mbaga na mke nyuma. Lakini hivi unavyotaka wewe ni kumvalisha suti mgonjwa wa kifua."

Nilicheka. Nikamwambia afunge nilivyosema. Akafunga, kazi ni kazi. Lakini ilipofika rangi alinipa brashi mkononi. "Mimi juu ya ufa sipaki," akasema. "Ukitaka, paka mwenyewe."

Nikapaka mwenyewe, mwanangu. Pale barazani, mchana, watu wanapita. Nilipaka mara ya kwanza, ikakauka, nikapitisha kidole, nikausikia ufa. Nikapaka mara ya pili. Mara ya tatu kidole hakikusikia kitu, nikaridhika. Mpaka leo nikifunga macho nakiona kile kidole changu kinateleza pale juu.

Kwenye mashindano nilishika nafasi ya tatu. Baiskeli haikulia hata kidogo, maana ile ni tambarare na nilikuwa nimeivua keria, mzigo ulikuwa mimi tu, mwembamba hivi. Hapo ndipo kichwa kilipovimba kabisa. Nikasema baba na Saidi wote ni waoga, wazee wanapenda kutisha watu. Nikairudisha keria mahali pake, maana Jumamosi ni ya Mbazi, na nikapanda nayo nyumbani Ijumaa ile nikiwa na furaha isiyo na kifani. Baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda Gonja kwenye msiba wa ndugu yake na angekaa huko siku kadhaa. Sitasema nilifurahi hakuwepo, lakini sikusikitika.

Asubuhi ndiyo ile niliyoanza nayo. Mbazi ameshafunga majembe kwenye keria, kumi na mawili, nilimsaidia kuyahesabu. Anaizunguka baiskeli, anacheka, anapiga kengele, ananiambia, "Loh, Elieza, umeiozesha, imekuwa bibi harusi!" Kisha akanyoosha kidole kwenye msumari ukutani. Palikuwa na pete ya chuma, nene, laini, imepigwa vizuri na matundu manne ya ribiti.

"Niliifua ile wiki, nikikungoja," akasema. "Sasa hii niifanyie nini?"

"Iweke tu," nikamjibu.

"Kwa hiyo ule ufa wameutengeneza?"

Na mimi nikasema, "Ndiyo. Same wameumaliza."

Maneno matatu. Sikutafuna hata moja. Yalitoka kama mtu anayejibu salamu.

Mbazi hakunitilia shaka. Lakini mkono wake ulikuwa mkono wa mhunzi, ulishazoea, ukachukua ile nyundo ndogo pale mlangoni. Akaiinua aigonge shingo, asikie. Na mimi, ndugu yake wa tumbo moja, nikamshika. Nikasema, "Aa, kaka, utabandua rangi!"

Akanitazama, akacheka kwa nguvu. "Haya, bwana rangi," akasema. Akaiweka nyundo chini. Akapanda, akaondoka, kengele inalia mpaka kwenye kona.

Mungu wangu. Nimekuwa baba, nimekuwa babu, nimezika watu wengi niliowapenda, lakini kama ningepewa dakika moja tu ya maisha yangu niirudie, ningechagua ile. Nisingefanya kitu kikubwa. Ningenyamaza tu, agonge.

Habari ililetwa na mama mmoja aliyekuwa anapanda na mkungu wa ndizi. Alianza kutuita akiwa bado ng'ambo ya bonde, jina la baba yangu, mara mbili mbili, na kwetu ukiitwa hivyo unajua si heri. Nilikimbia. Sikumbuki njia. Nilimkuta Mbazi kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Mwembe, watu wamemzunguka, majembe yametawanyika barabarani. Shingo ya baiskeli ilikuwa imekatika kabisa, gurudumu la mbele limekwenda upande wake. Alikuwa ameangukia mkono wa kuume, na baiskeli na mzigo vikaja juu yake. Kiwiko kilikuwa hakitazamiki. Yeye alikuwa macho, amelala ubavu, uso wake karibu kabisa na lile bomba lililovunjika. Hakulia. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Elieza, majembe ya watu, uyakusanye."

Tulimbeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni. Walifanya kila walichoweza, na siwezi kumlaumu mtu pale. Mfupa ulikuwa umesagika. Mkono ulipona ukiwa umekunjwa hivi, haukunyooka tena wala haukuinuka kupita bega.

Baba alirudi kutoka Gonja akaja moja kwa moja hospitali. Niliamka, nikasema shikamoo baba. Hakuitikia marahaba. Ndiyo mara pekee katika maisha yake. Alikaa kwenye benchi la barazani, akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye bustani.

"Ule ufa. Ulijua bado upo?"

"Nilijua."

"Mwenzako alijua?"

"Hakujua."

Mimi nilitaka anipige. Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara, na nilikuwa nasali anipige. Mwisho akasema, "Utamwambia wewe mwenyewe. Mimi simwambii." Akaingia ndani kumwona mwanawe.

Ungefikiri niliingia nyuma yake nikasema. Sikusema. Nilisema mkono upone kwanza. Ulipopona nikasema nisubiri apate ahueni ya moyo. Watu waliniuliza, nikajibu barabara ni mbaya, mzigo ulikuwa mzito, na yote mawili yalikuwa kweli, ndiyo maana yalinifaa. Mwaka mzima ukapita, na kipande cha mwaka wa pili. Kila Ijumaa nilikuwa nakuja nyumbani kwa miguu, nakula makande pamoja na kaka yangu, yeye anatumia mkono wa kushoto, na mimi nazungumza habari za bomani. Jamani, nilivyozungumza! Nilikuwa sinyamazi, kwa kuogopa ukimya.

Na banda lilikuwa kimya. Baba alijaribu, lakini nguvu zilikuwa zimemtoka, na alikuwa hana wa kumwachia. Watu walianza kununua majembe ya dukani. Wengine walisema ndiyo mambo ya kisasa, uhunzi ungekufa tu. Labda. Mimi sikubali kujifariji na hilo. Banda letu halikufungwa na majembe ya dukani, lilifungwa Jumamosi ile.

Siku niliyomwambia, nilimkuta amekaa uani anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Alikuwa anashika gunzi kwa magoti, anasukuma punje kwa kidole gumba. Sijui kwa nini jambo hilo dogo ndilo lililonivunja. Nilipiga magoti pale kwenye maganda, nikamweleza yote: Saidi alivyonikataza, brashi, mara tatu, kidole. Nilipofika kwenye "utabandua rangi" nilimaliza nikilitazama lile gunzi.

Mbazi aliendelea na gunzi lake mpaka likaisha. Kisha akasema, taratibu kabisa:

"Nilijua, Elieza."

"Baba alikwambia?"

"Hakuniambia mtu. Nilikuwa nimelala pale chini, uso wangu uko hapa na bomba liko hapa. Chuma kikikatika leo, ndani kinang'aa. Kile kilikuwa na kutu, kiling'aa kipande kidogo tu cha mwisho. Na rangi yako ya kijani ilikuwa imeingia mpaka ndani ya ufa. Rangi haiwezi kuingia ndani ya chuma kizima."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema kitu muda wote ule.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Kila Ijumaa nasema, leo. Umechelewa sana, mdogo wangu. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko mkono."

Halafu akanisogezea gunzi. "Kaa. Pukuchua. Na mimi pia nina kosa langu, nyundo nilikuwa nayo mkononi."

Heri angenitukana. Mtu akikutukana mnagawana uzito. Yeye alichukua hata sehemu isiyokuwa yake.

Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda bandani. Nikavua shati, nikakaa chini kwenye mivukuto, nikawasha makaa, nikaanza kuvukuta. Sikuwa na chuma chochote cha kufua. Wasichana wa kwaya walipita, sikuwatazama. Baba alikuja akasimama mlangoni, moto umeshakuwa mweupe. Akasema kwa upole, "Inatosha, mwanangu. Unamaliza makaa bure. Hakuna wa kupiga." Akaniletea shati langu.

Ndiyo hiyo hadithi. Mbazi aliishi miaka mingi, akalima, akaoa, alikuwa mtu wa mizaha mpaka mwisho, na zamu yake ya maji shambani aliisimamia mwenyewe na jembe la mkono mmoja. Alinisamehe, na najua alinisamehe kweli. Lakini msamaha haukuunyoosha mkono, wala haukumrudishia baba mrithi.

Sasa tuje kwako. Usidhani nakwambia usinunue kipya. Vijana huwa mnasikia wazee hivyo, mnafikiri tunapenda vikuukuu. Saidi alikuwa fundi wa kisasa na alinishauri nibadilishe fremu, na angalikuwa amesikilizwa, kaka yangu angalikufa na mkono wake mzima. Baba alikuwa mtu wa kale na alinishauri nifunge pete, na pete ingeshika. Njia zote mbili zilikuwa nzuri. Mimi nilichagua ya tatu, ya kupendezesha kilichovunjika. Kwa hiyo, kabla hujafikiria gia na rangi, gonga kwanza. Tafuta ni kipi kinachobeba mzigo, ukisikilize. Kama fremu ni nzima, tengeneza hayo mengine bila aibu, hata kwa kiraka, hata wenzako wakicheka. Ukitaka kuiongezea vifaa vya mbio, ongeza, ujana ni wako, mimi nami nilipenda upepo. Kama fremu inaumwa, usiivalishe suti. Iache. Na usimpe mtu mwingine ukimficha, hata bure, hata kwa roho nzuri.

Na kazi itakayokuchafua mikono kwa ajili ya kitu chako, ifanye. Kaa kwenye mivukuto yako. Wale niliowaonea aibu hata majina yao nimeyasahau.

Lakini kubwa, mwanangu, ni hili, na hili si la baiskeli. Mtu anayekuamini akitaka kugonga, mwache agonge. Na kama umeshamdanganya, mwambie leo, kabla hujapata sababu nzuri ya kungoja. Huenda anajua, anakungoja wewe tu. Najua mdogo wako huwa anaiazima baiskeli yako kwenda shule, na juzi nimekusikia ukimwambia kwamba breki ya nyuma iko sawa. Sijui kama iko sawa. Wewe unajua.

Chukua hii. Ndiyo ile pete, ilikaa msumarini mpaka banda lilipobomolewa. Angalia matundu yalivyolingana. Ni moja ya vitu vya mwisho Mbazi alivyofua, na haijawahi kuvaliwa na kitu chochote. Itunze. Sasa nenda kailete baiskeli yako hapa, na ile nyundo ndogo iko chini ya kitanda changu, uje nayo. Na mdogo wako umwite, agonge yeye.

Mungu akushushe salama kila mteremko, akupe breki zinazoshika na ulimi unaosema kweli mapema. Na kila atakayekipanda kilichopita mikononi mwako, afike kwao ana mikono yake yote miwili.